Printa Iliyojifunza Kikamba

Kwa miaka mingi watu wa kwetu Mbooni waliamini kwamba kazi yangu Nairobi ilikuwa kuandika madereva. Shangazi yangu aliniuliza nafanya nini huko mjini, nami nikamjibu bila kuficha kitu kwamba naandika madereva wa kompyuta. Neno kompyuta lilianguka njiani kabla habari haijafika sokoni. Kilichobaki ni kwamba naandika madereva, na kwa Kiswahili cha kila mtu, anayeandika madereva ni tajiri mwenye malori. Basi kila Krismasi nilipokuja nyumbani, kabla sijamaliza chai ya asubuhi, ningemkuta mwanamume amesimama uani na leseni yake imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Mmoja alikuja na pasta wake amshuhudie kwamba hanywi pombe. Nilikuwa nikiwaeleza kwamba madereva ninaowaandika mimi ni maneno tu, hawana mikono wala macho. Walinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha wakaniuliza kama basi kuna nafasi ya utingo.

Ukweli ni kwamba nilifanya kazi katika chumba cha kompyuta cha shirika moja kubwa, enzi ambazo kompyuta ilikuwa safu ya makabati yaliyojaza ukumbi. Kompyuta ya namna hiyo ina akili ya ajabu ya kuhesabu, lakini haijui lolote kuhusu mashine zilizofungwa kando yake. Haijui jinsi printa inavyovuta karatasi, wala mashine ya kanda inavyorudi nyuma kutafuta mwanzo wa kanda. Lazima pawe na programu ndogo katikati, inayojua tabia za mashine moja tu na kuivumilia. Hiyo ndiyo dereva. Kompyuta inasema, chapa mstari huu, kisha inaenda kushughulikia mambo mengine. Mashine ikimaliza, inabisha hodi. Dereva anafungua mlango na kuuliza kama kazi imekwenda salama. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Siku ambayo mambo yameharibika, mashine haisemi kilichoharibika. Inasema tu kwamba ina shida, na ni juu yako kuirudia na kuiuliza pole pole, kama unavyomuuliza mgonjwa ambaye kila mara husema hajambo.

Sehemu hiyo ya kuuliza ndiyo niliyoipenda. Wenzangu walipenda programu kubwa ambazo wakubwa waliziona na kuzisifu. Mimi nilipenda kukaa na mashine moja yenye kiburi mpaka tuelewane.

Nilipostaafu nilirudi Mbooni, nikajenga kwenye sehemu yangu ya shamba la wazazi. Jirani yangu ni dada yangu mkubwa. Yeye alikuwa mwalimu wa madarasa ya chini, na maisha yake yote ya kazi aliwafundisha watoto kusoma kwa Kikamba kabla hawajaingia kwenye Kiswahili na Kiingereza. Sasa anaongoza kwaya ya akina mama kanisani. Tunanywa chai pamoja kila asubuhi, mara kwake mara kwangu, na tunabishana karibu kila siku. Tumefanya hivyo tangu tukiwa wadogo na hatuoni sababu ya kuacha.

Mwaka uliopita mwenzangu wa zamani wa kazini, fundi ambaye bado yuko Nairobi, alinipigia simu. Wanaondoa vitu katika stoo ya chini, akasema, na printa yetu ya zamani inakwenda kuuzwa kama vyuma chakavu. Akanikumbusha sauti yake. Ile printa ina mnyororo wa herufi za chuma unaozunguka kwa kasi mbele ya karatasi, na nyuma ya karatasi safu ndefu ya nyundo ndogo. Herufi inayotakiwa ikipita mahali pake, nyundo inapiga. Mstari mzima unakamilika kufumba na kufumbua, na sauti yake ni kama mvua ya mawe juu ya mabati. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa nusu ya umri wangu. Nilimwambia fundi aizuie printa isiende popote.

Aliyenisaidia kuileta ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa familia iliyotoka kaskazini mashariki, ambaye ana duka Mwingi na lori la kupeleka mbuzi Nairobi. Nilimfahamu kwa sababu hununua beberu kwangu. Lori lake lilikuwa likirudi tupu, akakubali kupitia kwetu, ingawa Mbooni si njia yake. Alipoiona printa, iliyo kubwa kuliko jokofu lililolazwa, aliizunguka mara kadhaa akiipima kwa macho.

"Mama, hii inakula nini?" akauliza.

Nikamwambia inakula stima na karatasi. Akasema afadhali, mbuzi hula zaidi. Kisha akamwamuru utingo wake aoshe sakafu ya lori upya, maana mashine ya ofisi haiwezi kusafiri juu ya mavi. Tuliingiza pia maboksi ya karatasi yaliyokuwa stoo pamoja nayo, karatasi pana zilizoungana moja kwa moja na kukunjwa kama kitambaa, zenye matundu pembeni, na chini ya kila ukurasa nakala kadhaa zenye kaboni katikati. Hakuna aliyezitaka tena.

Shida ya kwanza ilikuwa stima. Printa ile haikubali stima ya nyumbani, inataka ile ya nguvu yenye nyaya tatu, na pale kwetu mahali pekee penye stima ya namna hiyo ni kinu cha posho sokoni. Mwenye kinu ni mama mmoja tuliyeketi naye dawati moja tukiwa wadogo. Amekiendesha kinu hicho mwenyewe tangu mumewe afariki, na kando ya chumba cha kusagia alikuwa na chumba kingine alichokuwa akiwekea mahindi. Nilikwenda kumwomba chumba hicho nikiwa nimeandaa maneno mengi. Hakuyahitaji. Aliuliza tu kama printa inapiga kelele. Nikakiri kwamba inapiga, tena sana. Akasema vizuri, maana watu wamemlaumu yeye peke yake kwa kelele miaka mingi, na sasa atapata mwenzake wa kulaumiwa naye.

Kwa hiyo printa iliingia kinuni. Wanaume waliokuwa wakisubiri unga waliishusha kutoka kwenye lori, na mmoja wao, ambaye namkumbuka aliwahi kuja kwangu na leseni miaka ile, aliniuliza kwa sauti ya chini kama hii sasa ndiyo yenye kuhitaji dereva. Nikamwambia ndiyo, na kwamba namwandika mwenyewe. Alitikisa kichwa, nadhani kwa kunisikitikia.

Kompyuta yenyewe kubwa sikuwa nayo, na sikuihitaji. Siku hizi yale makabati yote ya ukumbi yanaweza kuigizwa ndani ya laptopu moja. Programu inajifanya kuwa kompyuta ile ya zamani na kufanya kila ilichofanya. Fundi wa Nairobi alinitengenezea bodi ndogo ya kuunganisha laptopu na nyaya nene za printa. Kilichobaki ni dereva, na dereva hakuna wa kumwandika ila mimi.

Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya kazi kuliko miezi ile. Nilishuka sokoni kila asubuhi baada ya chai, na chupa yangu ya maji na ndizi, nikakaa kwenye kigoda mbele ya laptopu huku kinu kikinguruma upande wa pili wa ukuta. Niliziba nyufa zote kwa matambara ili unga usiingie, na bado jioni nilitoka na nywele nyeupe kuliko zilivyo. Wanawake waliosubiri kusagiwa walichungulia mlangoni na kunipa pole. Waliona mtu mzima anaangalia mashine isiyofanya kitu, na kwa wiki nyingi hakikuwapo kitu cha kuona. Nilianza na amri iliyo ndogo kuliko zote, ile ya kuiuliza printa kama ipo. Ilichukua muda kabla haijajibu. Siku ilipojibu, nilipiga kofi moja tu, nikatoka nje nikanunua mandazi, nikampelekea mwenye kinu. Aliniuliza printa imechapa nini. Nikasema haijachapa, imekubali tu kwamba ipo. Alikula andazi lake akasema hata mumewe alianza hivyo hivyo.

Siku ya kuchapa mstari wa kwanza dada yangu alishuka kuja kuona. Nilikuwa nimeandika salamu fupi ya kumkaribisha. Nyundo zikapiga, sisi sote tukaruka, karatasi ikasogea. Dada akavaa miwani akaisoma, kisha akampa mwenye kinu naye asome. Mwenye kinu akauliza kama ni Kijerumani.

Mahali pa kila herufi ilikuwa imetoka jirani yake. Dereva anatakiwa kuijulisha printa mpangilio wa herufi kwenye mnyororo, ipi inaifuata ipi, na mimi nilikuwa nimeanza hatua moja mbele. Nilirekebisha pale pale, wao wamesimama, na salamu ikatoka upya. Dada aliisoma, akatabasamu. Halafu tabasamu likaondoka. Akachukua kalamu nyekundu kutoka kwenye mkoba wake, maana hajaacha kutembea nayo, akaanza kuandika juu ya karatasi yangu.

Lazima nieleze kidogo. Kikamba kina i mbili na u mbili. Moja ya kila aina huandikwa hivi hivi, na nyingine huvikwa kimstari cha mawimbi juu yake. Tulipokuwa watoto tulikiita kofia. Mtu ni mũndũ, mti ni mũtĩ, nyumbani ni mũsyĩ. Bila kofia sauti inakuwa nyingine, na mara nyingine neno linageuka neno lingine kabisa. Dada yangu ametumia maisha yake kuwavika watoto wa Mbooni kofia hizo. Mimi nilichapa salamu yake bila hata moja.

"Hii umeniandikia mimi?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mimi sisomi hii. Hii ni lugha ya mtu aliyelelewa kwenye lifti."

Nikamweleza kwamba herufi za mnyororo ni vyuma, vilichongwa ng'ambo zamani, na waliovichonga hawakuwahi kusikia habari za Wakamba. Hakuna chuma cha ũ. Hakuna hata hicho kimstari cha mawimbi peke yake. Dada alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto waliosahau kazi ya nyumbani. Kisha akaniambia kilichomleta, ambacho hakikuwa kuangalia mashine tu.

Kanisa letu lilijengwa kwa mchanga uliobebwa na akina mama kutoka mtoni, kwa kichwa, wakipanda kile kilima chetu kikali. Mama yetu alikuwa mmoja wao. Walipokuwa wakipanda walitunga nyimbo, na nyimbo hizo hazikuwahi kuandikwa. Dada alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akiwasikiliza wazee waliobaki, akizinasa kwenye simu na kuziandika. Alitaka ziimbwe siku ya shukrani ya mavuno. Lakini waimbaji wake wengi ni watu wazima, macho yamechoka, na maandishi ya simu hawayaoni. Alikuwa amepanga kuziandika zote kwa mkono kwenye karatasi za manila. Alipoona upana wa karatasi zangu, na herufi zote kubwa, alikuwa amefurahi. Furaha hiyo ndiyo niliyoiona ikiondoka.

"Mwana wa mwaitũ," akasema, na aliponiita hivyo, mtoto wa mama yetu, nilijua sina njia, "nyimbo za mama hazitatoka bila kofia."

Basi nikarudi kwenye kigoda.

Printa ile ina amri moja ambayo dereva anaweza kuitumia, ya kupiga mstari bila kusogeza karatasi, ili mstari mwingine upigwe juu yake. Nilikuwa nimeshaitumia kuupiga kila mstari mara mbili mahali pale pale, ili wino ukolee na macho ya wazee yaone. Nikafikiri nitapiga herufi kwanza, kisha nipige alama nyingine juu yake. Nilijaribu kwa kistari kifupi. Kistari kilipita katikati ya herufi badala ya kukaa juu. Nilimpelekea dada ubeti mmoja wa majaribio. Akaushika mbali, akauliza kwa nini nimezikata sifa zote za Mungu. Nikajaribu alama ya nukuu. Juu ya U iliingia katikati ya mikono yake miwili kama kifaranga kwenye kiota, na juu ya I haikuonekana kabisa. Dada akasema tunakaribia, lakini alisema kwa upole, na upole wake ndio unaovunja moyo.

Jibu lilinijia nikipalilia maharagwe. Mnyororo ulikuwa na kile kistari cha chini kabisa, kinachopigwa chini ya maneno kuyatilia mkazo. Nikiacha mstari mmoja mtupu juu ya kila mstari wa wimbo, na katika mstari huo mtupu nikapiga kistari cha chini pale tu penye herufi inayotaka kofia, kitaangukia karibu sana na kichwa cha herufi iliyo chini yake. Niliacha jembe shambani. Nilimwandika dereva upya ili aupokee mstari mmoja wa Kikamba kutoka kwangu, kofia na zote, kisha yeye mwenyewe autenganishe: kwanza apige kofia, asogeze karatasi kidogo, halafu apige herufi. Printa haikujua kwamba inaandika Kikamba. Yeye dereva ndiye aliyejua.

Dada aliiangalia karatasi hiyo kwa muda. Alisema kofia zimenyooka, wimbi halipo. Nikakubali. Akasoma ubeti wa kwanza kwa midomo bila sauti, kisha wa pili kwa sauti, na kabla hajafika mwisho alikuwa anaimba. Mwenye kinu alizima mota ili asikie. Wimbo aliujua, akaitikia akiwa amesimama mlangoni, mwili mzima unga. Nikajua hesabu imekwisha.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Kazi ilikuwa ikikatika katikati bila sababu. Printa ingechapa vizuri, kisha ghafla ingesimama na dereva naye angekwama, akingojea hodi isiyobishwa. Nililipitia kila neno nililoandika. Nilimshuku fundi wa Nairobi na bodi yake, nikamshuku panya. Asubuhi moja nimekaa nikisikiliza, nikasikia mkanda wa kinu ukishika, na taa juu yangu ikafifia kidogo, na wakati ule ule printa ikasimama. Kinu kilipoanza kuzunguka kilivuta stima yote kama ng'ombe wa kwanza kufika kwenye birika, na printa ikapoteza nguvu kwa nukta chache. Ikisharudi, inajiona kama imeamka usingizini na haisemi kitu.

Tulikubaliana na mwenye kinu kwamba nikichapa yeye asiwashe. Lakini nimefanya kazi hii muda mrefu, najua kwamba makubaliano ya watu si kinga ya mashine. Nilimfundisha dereva kwamba hodi ikichelewa, asikwame. Aiulize printa ina shida gani, aingoje iwe tayari, kisha aendelee. Hapo pakawa na swali. Mstari uliokuwa mkononi stima ilipopungua, ulishapigwa au haukupigwa? Printa yenyewe haijui. Ukiuruka, huenda ukakosekana. Ukiurudia, huenda ukatokea mara mbili. Nilimuuliza dada, bila kumweleza habari za mashine, kama katika wimbo ni afadhali mstari ukosekane au urudiwe. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama ni afadhali kula au kushinda njaa. Nikamwandikia dereva: rudia.

Tulichapa nyimbo zote alasiri ya Alhamisi kabla ya Jumapili ya shukrani. Karibu kwaya nzima ilikuja, na wanawake wengine walikuwa pale na magunia yao ya mahindi wakisubiri kinu kifunguliwe. Mwenye kinu aliwaambia wavumilie, wanaandikiwa nyimbo. Nikagusa kitufe. Zile nyimbo ambazo dada alizitafuta kwa msimu mzima wa kupanda na msimu mzima wa kuvuna zilitoka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Karatasi ilipanda kutoka kwenye printa na kujikunja upande wa pili, na akina mama waliishika kwa pande zote mbili wakiitembeza kuelekea mlangoni, wakisomeana. Mzee mmoja wa kike, aliyekuwa wa mwisho kati ya wale waliobeba mchanga, alisoma bila miwani. Alisoma kwa sauti kubwa, akisimama kwenye kila kofia kama mtu anayesalimia watoto waliopangwa mstari.

Karibu na mwisho kukawa na ukimya kidogo kati ya wimbo na wimbo, printa ikiruka kwenda ukurasa mpya, na mwenye kinu akadhani nimemaliza. Foleni yake ilikuwa ndefu, nami simlaumu. Mkono wake ulipoifikia swichi, nyundo zilikuwa zimeshaanza wimbo wa mwisho. Akawasha. Taa zikafifia, printa ikasimama. Nilishika kichwa. Kisha nikasikia printa ikivuta pumzi, na nyundo zikaendelea kupiga. Dereva alikuwa ameuliza, amengoja, na ameendelea, mimi nimekaa na mikono magotini. Katika miaka yote ya Nairobi sikuwahi kumwonyesha mtu jambo la namna hiyo akalielewa. Siku hiyo nilimgeukia dada nikamwambia umeona, na yeye akasema ameona nini, alikuwa anasoma.

Jumapili kanisa lilijaa. Vikapu vya matunda na mahindi vilipangwa mbele, kuku wawili wamefungwa miguu wakipiga kelele chini ya meza. Kwaya ilisimama na karatasi zangu pana, kila moja ikishikwa na watu wawili. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Katika wimbo wa mwisho, ule ambao akina mama waliuimba wakikaribia juu, kuna mstari usemao bado kidogo, kilima kinakwisha. Kwaya ikauimba. Kisha wakauimba tena.

Nilikuwa kwenye benchi la nyuma na nilielewa mara moja. Ule ndio mstari uliokuwa mkononi mwa dereva mota ilipowashwa. Ulikuwa umepigwa, naye hakujua, akaurudia. Kwenye nakala zote hizo ulisimama mara mbili, mweusi, na kofia zake zote. Nilimwangalia dada. Yeye aliujua wimbo, alijua kwamba mstari huo ni mmoja, na nikaona mkono wake ukisita hewani. Lakini waimbaji wanasoma kilichoandikwa. Mkono ukaendelea, na watu kwenye mabenchi, ambao walishazoea kuitikia, waliurudia nao kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Wakati wimbo unakwisha, pasta aliomba urudiwe, na mara hii kanisa lote lilijua pa kurudia.

Baadaye nje, watu wakigawana matunda, nilimwendea yule mzee aliyebeba mchanga, kumwomba radhi kwa kosa la mashine. Nilimweleza kwamba mstari ulijirudia kwa bahati mbaya.

Alikuwa akimenya chungwa. "Wewe ulikipanda kile kilima na mchanga kichwani?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi acha. Mara moja haikuwa inatosha."

Siku hizi unaimbwa hivyo. Kanisa moja la upande wa Matiliku liliomba karatasi, na dada akataka nichape upya. Nilimuuliza kama niuondoe mstari wa pili, akafikiri, akasema uache. Utepe wa wino sasa umeanza kupauka na fundi wa Nairobi ananitafutia mwingine. Asipopata, tumezungumza kuhusu kuuloweka ule wa zamani kwa wino wa mihuri. Mwenye kinu anataka nimchapie tangazo la saa za kusaga, herufi kubwa, na ameshaniambia anataka nalo liwe kwa Kikamba.

Kofia zilizonyooka bado zinamsumbua dada. Nilimwahidi nitatafuta namna ya kupiga wimbi, labda kwa kuchanganya alama mbili, na nimeanza kuandika. Yeye hakungoja. Jioni anakaa barazani kwake na rundo la karatasi na kalamu nyekundu, na kila kistari anakikunja kwa mkono, kimoja baada ya kingine, akiimba chini chini. Nilimwambia aache, nitamaliza kazi hiyo kwenye dereva. Akaniambia nisifanye haraka.